Mfua nguo wa Florida apanda jukwaani

Wengi kati yetu tunaijua kazi ya kufua nguo za watu. Tunajua kuchota maji kabla ya jua, sabuni inayochubua vidole, na mwenye nguo anayehesabu vipande mara mbili kana kwamba tumemwibia. Wiki hii tunawaletea habari za mfua nguo wa mbali, wa jimbo la Florida, kusini mwa Marekani. Yeye ni mtu wa hadithi tu, lakini wamama watamtambua upesi.

Hadithi yenyewe inaitwa Sweat, maana yake Jasho. Iliandikwa na Zora Neale Hurston, mwanamke mweusi aliyezaliwa mwaka 1891 na kukulia Eatonville, mji mdogo wa Florida ambao weusi waliuanzisha na kuutawala wenyewe. Baba yake alipata kuwa meya wake. Ilitoka mwaka 1926 huko New York katika gazeti la vijana weusi lililoitwa Fire!!, gazeti lililotoka mara moja tu, likafa. Hurston mwenyewe alifariki mwaka 1960 akiwa maskini, na kaburi lake lilikaa bila jiwe mpaka mwaka 1973, mwandishi Alice Walker alipolitafuta na kuliwekea.

Katika hadithi, Delia Jones amefua nguo za wazungu miaka 15. Jumamosi anapeleka zilizo safi kwa mkokoteni wa farasi na kurudi na zilizo chafu. Jumapili usiku anazichambua na kuziloweka zilizo nyeupe. Jumatatu anaanza kuzifua. Nyumba wanamolala ameilipia kwa kazi hiyo, na miti na maua ya uani ameipanda kwa mikono yake. Bwana yake, Sykes, alianza kumpiga miezi miwili tu baada ya arusi. Sasa ana mwanamke mwingine, Bertha, anamlipia kodi ya chumba, na anataka kumleta katika nyumba ile ile.

Delia anaogopa nyoka kuliko kitu chochote, na Sykes anajua. Basi analeta nyoka mwenye njuga mkiani, anamweka ndani ya sanduku karibu na mlango wa jikoni, na hata bibi yake akimsihi amwondoe, hataki. Jumapili moja usiku Delia anafunua kikapu cha nguo na kumkuta nyoka ndani. Anakimbia, analala bandani kwenye majani makavu. Karibu na mapambazuko Sykes anarudi, anaingia katika nyumba yenye giza, na viberiti vimekwisha. Nyoka anamuuma. Delia yuko nje chini ya dirisha, anasikia yote. Bwana yake anamwita kwa jina, anamwita tena. Yeye haendi kumsaidia.

Hadithi ya namna hii unaipelekaje mbele ya watu? Ugumu wa kwanza ni kwamba Delia si mtu wa maneno mengi. Mambo makubwa yanapita moyoni mwake, na katika kitabu ni mwandishi anayetueleza. Jukwaani mwandishi hayupo. Vikundi vingi vingemaliza shida hiyo kwa kumpa Delia hotuba ndefu ya kulia, na hapo mchezo ungeharibika.

George C. Wolfe, mtu wa teatri aliyezaliwa Kentucky, alipata njia nyingine. Alichukua hadithi tatu za Hurston, Jasho ikiwa mojawapo, akazifanya mchezo mmoja unaoitwa Spunk. Ulionyeshwa New Jersey mwaka 1989, kisha New York mwaka 1990, naye akapata tuzo ya Obie kwa kuuongoza. Maneno ya mwandishi hakuyatupa. Aliwapa wachezaji wayaseme. Anayecheza Delia anatuelekea sisi na kusimulia habari za Delia kama za mtu mwingine, kisha anageuka na kumjibu bwana yake kwa kinywa chake mwenyewe. Pembeni yuko mpiga gitaa, na mwanamke anayeimba nyimbo za bluzi.

Njia hiyo tumeipenda sana, na sababu yake iko katika lugha. Hurston aliandika kwa lugha mbili: masimulizi kwa Kiingereza cha kitabu, na mazungumzo kwa lugha ya watu wa Eatonville, jinsi walivyoongea kweli. Sisi wenye Kiswahili cha mahubiri na Kiswahili cha sokoni tunaelewa jambo hilo bila kufundishwa. Katika mchezo wa Wolfe, mfua nguo anazisema zote mbili. Mama ambaye nyumbani aliambiwa anyamaze anayapata yale maneno mazuri ya kitabu, na anayasema juu ya maisha yake mwenyewe.

Kuna sehemu ambayo kikundi chenye haraka kitataka kuikata: wanaume walioketi kwenye baraza ya duka la Joe Clarke, siku ya joto la mwezi wa saba. Wanamwona Delia akipita na mkokoteni, wanamhurumia kweli. Mwenye duka anasema kuna wanaume wanaomfanya mwanamke kama muwa, wanamtafuna mpaka utamu uishe halafu wanamtupa. Wanaongea hata juu ya kumwadhibu Sykes. Kisha mmoja analalamikia joto, na maongezi yanageukia tikiti maji. Watazamaji watacheka hapo, na wacheke tu. Msiikate. Bila baraza ile, mchezo unakuwa habari ya bwana mmoja mbaya na bibi yake, na wale waliojua yote wanapona bila kuulizwa kitu.

Juu ya nyoka hatuna maneno mengi. Asionekane. Nyoka wa plastiki atawachekesha watoto, na hofu yote itakwisha. Kibuyu chenye mbegu kavu, kikitikiswa nyuma ya pazia, kinatosha.

Mwisho ndio uliotugawanya sisi wenyewe. Katika michezo yetu ya tarehe 8 Machi bwana mbaya hutubu, au chifu anafika, au mchungaji, kisha wote tunaimba na kupiga vigelegele. Hurston hakumleta mtu. Madaktari wako Orlando, mbali mno. Delia anafika mlangoni, anamwona Sykes anatambaa, shingo imevimba vibaya, jicho moja tu liko wazi, nalo bado lina tumaini. Huruma inamzidi nguvu, inamrudisha nyuma mpaka chini ya mti wa uani, na pale anangoja, akijua kwamba yule mtu sasa anajua kuwa bibi yake alijua.

Wengine kati yetu wanasema kuonyesha hayo mbele ya watoto ni kufundisha kisasi. Hofu yao tunaiheshimu, na kikundi kinaweza kuamua kuwaonyesha watu wazima peke yao. Lakini kubadilisha mwisho hatukubali. Anayecheza Delia asifurahi, asiimbe, asitazame watu kama mshindi. Asimame chini ya mti na huruma yake na woga wake, mpaka taa zizimwe.

Tena jambo moja la kazi, kabla ya mazoezi. Katika kila kundi la watazamaji anaweza kuwako mama ambaye usiku huo atarudi katika nyumba kama ya Delia. Chagueni mapema wamama wawili wanaojua kusikiliza na kutunza siri, waketi mahali panapojulikana baada ya mchezo, na viti vya pembeni, na wasiondoke mpaka uwanja uwe mtupu.