Jikoni Kamina: mahindi kwenye bidoni, nyanya kwenye kikapu

Asubuhi soko la Kamina, jimboni Haut-Lomami nchini Kongo, linapochangamka, chakula cha familia hununuliwa kidogo kidogo. Meka moja (kipimo cha sokoni) ya unga, kopo la maharagwe, kipimo cha mafuta ya mawese, fungu la nyanya, fungu la sombe, samaki wakavu wachache waliotoka Kinkondja au Bukama, chumvi kidogo. Kila kitu kinafungwa kwenye sashe yake ya plastiki. Mama anayerudi nyumbani Sobongo au Dimayi anaweza kufika na sashe sita au saba kwa ajili ya mlo mmoja. Jioni karibu zote zimekwisha kazi: hizi zimetupwa mtaroni, zile zimepeperushwa na upepo, nyingine zimetumika kuwashia mbabula, jiko la makala.

Umoja wa Mataifa umetenga tarehe 29 Septemba kuwa siku ya kuhamasisha watu kuhusu upotevu wa chakula, na siku hiyo imeadhimishwa tangu mwaka 2020. Ripoti ya shirika lake la mazingira, UNEP, iliyotolewa mwaka 2024 inakadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, yaani asilimia 19 ya chakula kilichokuwa tayari kwa walaji. Asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani. Hesabu hiyo haimalizi habari ya mji kama Kamina. Katika nchi ambamo watu zaidi ya milioni 25 wamehesabiwa kuwa na njaa kali, ni nadra sahani ya bukari (ugali) kumwagwa jalalani. Chakula cha hapa kinapotelea kwingine: ghalani, ndani ya gunia, kwenye behewa, chini kabisa ya kapu la nyanya.

Kwa hiyo mashauri wanayopewa wenye jokofu na umeme wa saa 24 hayatoshi huku. Jiko la Kamina lina hesabu yake. Familia hununua kidogo kidogo kwa sababu fedha hupatikana siku kwa siku, na pia kwa sababu hakuna pa kuweka chakula kisiharibike. Manunuzi hayo madogo ndiyo yanayoleta sashe. Nyumba inayoweza kutunza chakula chake kwa majuma mawili inaokoa chakula na kupunguza plastiki kwa wakati mmoja.

Gunia na maadui zake

Haut-Lomami ni nchi ya mahindi na mihogo. Kaniama, kaskazini-magharibi mwa Kamina, inajulikana kote nchini kwa mashamba ya mahindi ya Service National, idara ya serikali, huko Kaniama-Kasese. Kamina yenyewe ni njia panda ya reli. Njia ya kutoka Bukama kwenda Ilebo, wakati huo ikiitwa Port-Francqui, ilikamilika mwaka 1928, na tawi la kwenda Kabalo likafunguliwa mwaka 1956. Reli hizo zimezeeka, safari hazina uhakika, na mzigo wa chakula unaongoja treni hauna kinga dhidi ya mvua, panya na joto.

Hata gunia linalofika salama nyumbani lina maadui. Wa kwanza ni fukusi, ambaye mama yeyote anamjua kwa unga mweupe anaouacha chini ya gunia. Dumuzi ni mkali zaidi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati; aligunduliwa Tabora, Tanzania, kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, kisha akaenea katika nchi nyingi za Afrika. Wakulima wa Tanzania walimwita Scania, jina la lori, kwa jinsi anavyokomba ghala zima.

Adui wa tatu haonekani kwa urahisi: kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa mbichi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwafanya watu 317 waugue mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao wakafa. Sumu hii haiondoki kwa kupika. Punje zilizoota kuvu hazifai kusagwa wala kuchanganywa na nzima ili zipungue ubaya.

Ulinzi unaanza na ukavu. Mahindi ya kuweka yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi, na kipo kipimo kisichohitaji mashine. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje za mahindi hadi robo ya chupa, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji mengi. Yarudishwe juani juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Chumvi ikianguka yote chini, mahindi yako karibu kuwa tayari. Watunza ghala wamefundishwa kipimo hiki kwa miaka mingi katika Afrika, na kinamgharimu mtu chupa moja tu.

Baada ya kukauka, mahindi yanyimwe hewa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mtaalamu wa wadudu Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alishirikiana na watafiti wa Cameroon kutafuta namna ya kuokoa kunde za wakulima bila dawa. Jibu lao lilikuwa gunia lenye mifuko miwili ya plastiki nzito ndani yake, leo likijulikana kwa jina la PICS. Wadudu waliofungiwa humo hutumia oksijeni iliyobaki, kisha wanaacha kula, hawazaani na hatimaye hufa.

Nyumba isiyo na gunia hilo ina bidoni. Bidoni ya njano ya lita 20 iliyokuwa na mafuta ya kula, ikioshwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri, hutunza maharagwe au mahindi kwa kanuni ileile. Ijazwe hadi shingoni ili hewa isibaki, ifungwe kwa nguvu, na isifunguliwe kila siku. Chakula cha wiki kitolewe mara moja na kuwekwa kwenye chombo kidogo. Bidoni iliyowahi kubeba petroli au dawa ya wadudu isitumiwe kamwe kwa chakula, hata ikioshwa mara kumi.

Hapo ndipo inapofaa kutenganisha plastiki na plastiki. Bidoni inayotumika miaka kadhaa ni chombo cha nyumba. Sashe inayotumika kwa safari ya kutoka sokoni hadi mlangoni ni taka.

Mboga haisubiri

Mihogo ina ghala lake: ardhi. Ikiachwa shambani hukaa miezi, lakini ikishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu. Kwa hiyo anayeng'oa kwa kiasi cha kuloweka na kuanika hapotezi. Majani yake ndiyo sombe, mboga ya kila siku, na hilo peke yake ni somo la uchumi wa jikoni: mmea mmoja unalisha kutoka mzizi hadi jani. Maganda ya mihogo yakikaushwa vizuri juani sumu yake hupungua, na mbuzi na nguruwe huyala. Mabaki mengine ya mboga yaende kwenye shimo la mbolea nyuma ya nyumba, maana bustani ya lengalenga hulipa haraka.

Sombe, matembele na lengalenga zikifungiwa ndani ya sashe hupata joto, hutoa jasho na kugeuka njano kabla ya jioni. Zikinyunyiziwa maji kidogo na kufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu au jani la mgomba, kivulini, hudumu zaidi. Nyanya nazo zinataka hewa. Zipangwe kwenye kikapu, tabaka moja ikiwezekana, zilizoiva zikitangulia kupikwa. Iliyopasuka itolewe siku hiyohiyo, kwa kuwa moja inaambukiza zilizo jirani.

Kuna pia mtungi wa kupoza. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa kaskazini mwa Nigeria aliyepata Tuzo ya Rolex mwaka 2000, alisambaza vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga wenye maji, juu kitambaa kibichi. Maji yanapokauka kupitia udongo hubeba joto, na chungu cha ndani kinakuwa baridi. Katika majaribio yake bilinganya zilidumu siku 27 badala ya siku tatu. Mtungi huo unahitaji hewa kavu. Kamina, iliyo kwenye uwanda wa juu, hupata kiangazi kati ya Mei na Septemba, na huo ndio wakati wake; masika yakifika na hewa ikajaa unyevu, nguvu yake hupungua.

Samaki wa maziwa ya Upemba na Kisale hufika Kamina wakiwa wamekaushwa kwa moshi au chumvi. Ujuzi huo ni wa siku nyingi, na unastahili kuendelezwa jikoni: samaki aliyefungwa kwenye plastiki hushika unyevu, huota kuvu na kuzaa funza. Atundikwe juu ya jiko kwenye kikapu cha kusukwa, apate moshi na hewa. Maembe yanayooza kwa wingi chini ya miti msimu unapofika yanaweza kukatwa vipande vyembamba na kuanikwa chini ya chandarua safi.

Kiporo chenye usalama

Kuokoa chakula kusimletee mtu ugonjwa. Haut-Lomami ni miongoni mwa majimbo yanayoandamwa na kipindupindu kwa muda mrefu, hasa Bukama, Malemba-Nkulu na Kinkondja, kando ya Lualaba na maziwa yake. Chakula kilichopoa na kuachwa wazi usiku kucha ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaana, na wali una vijidudu vyake ambavyo kuchemsha mara moja hakuviui vyote.

Kanuni ni chache. Kipikwe kiasi kinacholika. Kinachobaki kifunikwe kwa sahani au kifuniko, kisiguswe kwa mkono, na kipashwe moto hadi kichemke katikati, si kingo tu. Kikiwa na harufu au utelezi kitupwe bila majuto. Bukari ya jana ikikatwa vipande na kuchomwa juu ya makala huwa kifungua kinywa kizuri pamoja na chai.

Na chakula cha moto kisitiwe kwenye sashe. Joto na mafuta huharakisha kemikali za plastiki kuingia kwenye chakula. Vivyo hivyo kwa desturi ya kufunika sufuria ya wali kwa plastiki ili ivute: jani la mgomba linafanya kazi hiyo na linaongeza harufu nzuri.

Sheria ipo

Tarehe 30 Desemba 2017, serikali ya Waziri Mkuu Bruno Tshibala ilitoa amri namba 17/018, iliyopiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, sashe na vifungashio vingine vya plastiki. Kenya ilianza marufuku yake tarehe 28 Agosti mwaka huohuo, kwa adhabu inayofikia faini ya shilingi milioni nne au kifungo cha miaka minne. Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Rwanda ilikwishatangulia mwaka 2008. Katika nchi hizo mfuko wa plastiki wa kubebea ulitoweka kwenye meza nyingi za wauzaji. Katika Kongo amri ilibaki kwenye karatasi, na sashe zikabaki sokoni.

Gharama yake inaonekana Bukavu, ambako plastiki zinazosombwa hadi Ziwa Kivu huziba mitambo ya bwawa la umeme la Ruzizi I. Huko Nicole Menemene alianzisha Plastycor, inayokusanya plastiki hizo na kuzigeuza vikapu na vitu vingine vya nyumbani. Kazi hiyo ni ya kusifiwa, ila hakuna kikundi kinachoweza kuokota kila kinachotupwa na mji mzima.

Kamina gharama ni ya karibu zaidi. Mbuzi anakula sashe yenye chumvi na tumbo linaziba. Mtaro unaziba, maji yanatuama, mbu wanazaliana. Kibaya kuliko vyote ni ile sashe inayowashia mbabula. Mpishi huiinamia akiipuliza, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni, na moshi wake mweusi wenye sumu unaingia moja kwa moja kifuani mwa wote wawili. Nyasi kavu, vijiti, maganda makavu ya mahindi au karatasi huwasha makala vizuri bila sumu hiyo.

Mama wa nyumbani anaweza kuanza leo: kikapu, chupa yake ya mafuta, bakuli lenye kifuniko kwa maharagwe na samaki, mfuko wa kitambaa kwa unga. Muuzaji naye anafaidika, kwa kuwa sashe anazinunua kwa fedha yake. Hata hivyo mzigo huu usiachwe juu ya kichwa cha mwanamke peke yake. Wakuu wa jimbo, meya na wakuu wa komini za Dimayi, Kamina na Sobongo wana amri ya mwaka 2017 mikononi. Waanze na soko: wawape wauzaji muda na vifungashio mbadala, kisha wazuie sashe kwenye ghala la mwagizaji kabla ya kumfuata mama mwenye fungu la nyanya. Na mwanamume mwenye fedha kidogo wakati wa mavuno amnunulie mkewe bidoni tatu safi na mahindi makavu ya kuzijaza.