Nta ya gari: Kung'aa si kudumu

MAGARI ya wakulima na wafanyabiashara wa Njombe na Makambako hayapumziki. Hubeba viazi, mbao na mbolea, hupita vumbini wakati wa kiangazi na kwenye tope wakati wa mvua, huku jua likipausha rangi. Gari lililopauka hushuka bei siku ya kuliuza.

Nta ya karnauba, itokanayo na majani ya mti wa jamii ya mitende wa Brazil, hung'aa sana, lakini mara nyingi huisha baada ya wiki chache. Nta ya kiwandani inayotengenezwa kwa kemikali huweza kudumu miezi kadhaa. Kwa gari la kazi, hiyo ndiyo yenye faida, hata bei yake ikizidi.

Polishi ya kusugua si kinga. Huondoa tabaka jembamba la rangi.

Osha gari kwa shampuu ya magari, kwani sabuni ya unga huondoa nta. Subiri umande ukauke, kisha paka kidogo, kivulini. Maji yakiacha kujikusanya matone, paka tena.

Nta haitibu kutu. Palipochubuka, mwone kwanza fundi rangi. Ukishusha mbolea, suuza bodi.