Tintin na almasi: mchimbaji iko wapi?

Kitabu cha picha *Tintin au Congo* tunakijua wengi, na batoto wetu wanacheka nacho. Sikatazi mutoto kucheka. Lakini sisi watu wa syndicat tunasoma kitabu sawa vile tunasoma karatasi ya mushahara: nani alifanya kazi, nani alilipwa, jina la nani halikuandikwa?

Hergé alianza kukichora mwaka 1930 kule Bruxelles, na miguu yake ilikuwa haijakanyaga Congo. Mu hadithi, watu wa Al Capone wanataka kukamata almasi ya inchi yetu. Basi almasi iko, wezi wako, Tintin naye iko. Mchimbaji hapana! Fungua kitabu mpaka mwisho, hutaona shimo wala mtu mwenye pelle. Na miaka ile ile babu zetu walikuwa wanachimba shaba ya Union Minière huku Katanga, na almasi kule Kasai. (Hata leo mu ripoti nyingi tunaandikwa tani, si watu.)

Kuna tena ile ya treni. Motokari ya Tintin inagongana na treni, treni njo inaanguka. Abiria weusi wanaamrishwa kuiinua, wanaitwa wavivu. Hata imbwa inawatukana, imbwa! Sasa ile reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910, wavivu njo waliilaza?

Mwaka 1946 Hergé alitengeneza kitabu upya. Pale Tintin alikuwa anafundisha batoto kama inchi yao ni Ubelgiji, akaweka somo la hesabu. Mwalimu hakubadilika.

Mwaka 2007 mwanafunzi mumoja Mukongomani alishitaki kitabu kule Bruxelles. 2012 tribunal ikakataa kukifungia. Mimi ninaona afazali kibaki, tukisome na macho wazi. Mudimbe, mutoto wa Likasi, alionyesha mu kitabu chake cha 1988 namna wageni walijitungia Afrika yao mu maandiko. Kusoma vile, wasomi wanaita «postcolonial». Jina ni refu, lakini kazi yake ni kuuliza nani anasema juu ya nani.

Weka pembeni ya Tintin kitabu kingine: *Vocabulaire* ya mji wa Elisabethville, cha 1965. André Yav alikitengeneza kwa Kiswahili chetu, kwa jina la chama cha watu waliotumika mu nyumba za bazungu. Maandishi yake si ya shule. Usome kwa sauti njo utaelewa. Mu Tintin, boyi anaitwa Coco, na hatuambiwi baba yake, kijiji chake wala mushahara wake. Mu kile cha 1965, boyi njo anaandika, na patron njo anaelezwa.