Barua Pepe Imefungwa, Mtu Bado Yumo Ndani

"Lakini si tayari tuna SSO?"

Mwezi huu nimeulizwa swali hilo mara tatu. Mara ya tatu aliyeuliza alikuwa meneja wa fedha, mkononi ana makadirio ya bei kutoka kwa muuzaji wa programu, na uso wake unasema anaibiwa. Simlaumu. Miaka miwili iliyopita alilipia SSO, mfumo unaomwezesha mfanyakazi kuingia kila programu ya ofisi kwa nywila moja, ile ile ya barua pepe. Leo anaambiwa aongeze pesa ili akaunti ziwe zinafunguka na kufungwa zenyewe mtu anapoajiriwa au anapoondoka. Kwake huku ni kulipia kitu kimoja mara mbili. "Mtu akiondoka," akaniambia, "kijana wa TEHAMA anafunga barua pepe. Kwisha."

Haijaisha. Imani hiyo nimekutana nayo benki, hospitali, kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali yenye wafadhili wakali, na inanichosha, kwa sababu anayeishikilia huwa na uhakika kuliko anayejua.

Nenda ofisi yoyote Dar es Salaam yenye mlinzi getini, ufungue daftari la wageni. Safu ya muda wa kuingia imejaa mstari kwa mstari. Safu ya muda wa kutoka ni tupu, tupu, saini ya mstaarabu mmoja, tupu tena. SSO ni huyo mlinzi. Kazi yake ni kuangalia kitambulisho cha anayeingia, na anaifanya vizuri. Mwambie Fulani asiingie tena, hataingia. Ila Fulani aliyeingia asubuhi hamfuati ndani, mlango wa uani si zamu yake, na nani aliachiwa ufunguo wa stoo hana habari.

Tumchukue ofisa mikopo anayeaga Ijumaa. Saa 10 jioni barua pepe yake imefungwa. Jumamosi asubuhi, akiwa nyumbani, anafungua programu ya wateja kwenye simu yake binafsi, na inafunguka. Alikuwa ameingia Jumatatu, programu ikaacha kibali ndani ya simu, na kibali hicho kikishatolewa hakirudi getini kuuliza mpaka muda wake uishe. Kuna programu zinazotoa siku moja, zipo zinazotoa mwezi mzima, na zipo zinazosubiri mwenye simu ajitoe mwenyewe.

Tuseme simu ni ya ofisi na ameirudisha. Programu ile ilianza kutumika kabla SSO haijaja, kwa hiyo alikuwa na nywila yake ya zamani, na hakuna aliyeifuta. Ukurasa wa kuingilia bado una kijisehemu cha chini kinachosema ingia kwa nywila. Kama msimamizi hakulazimisha kila mtu apite SSO tu, uani ni wazi.

Tuseme na hiyo ilifutwa. Mwaka jana ofisa huyu, kwa bidii yake mwenyewe, alitengeneza ufunguo wa API, unaoruhusu programu moja ichote taarifa za nyingine bila mtu kuingia, ili ripoti ya madeni iwe inashuka kwenye Excel kila asubuhi. Ufunguo huo haujui barua pepe ni nini. Utaendelea kushusha ripoti, yenye majina na namba za simu za wakopaji, mpaka mtu aende kuufuta kwa mkono. Na bado sijataja akaunti ya pamoja ya mauzo, ambayo nywila yake wanaijua watu tisa na imeandikwa kwenye kikaratasi chini ya kibodi.

Hapo mbishi mmoja huwa ananikatiza: mbona kwetu akaunti zinajifungua zenyewe mtu akiingia mara ya kwanza? Kweli, zinajifungua. SAML, lugha ambayo mifumo mingi ya SSO inatumia tangu toleo lake la pili la 2005, inaweza kubeba jina, idara na cheo cha anayeingia, na programu ikamtengenezea akaunti papo hapo. Lakini taarifa inasafiri mtu anapobisha hodi. Aliyeondoka habishi hodi. Programu inakaa miaka ikimsubiri, leseni yake ikilipiwa kila mwezi. Tanzania, nchi iliyowasaka watumishi hewa kwenye orodha za mishahara mwaka 2016 isingepata tabu kuelewa akaunti hewa ni nini.

Na haya si ya kufikirika. Aprili 2018 mhandisi mmoja aliacha kazi Cisco. Septemba 24 mwaka huo huo, miezi mitano baadaye, aliingia bila ruhusa kwenye mitambo ya Cisco iliyokuwa kwenye wingu la Amazon na kufuta kompyuta pepe 456 zilizoendesha huduma ya WebEx Teams. Akaunti zaidi ya 16,000 za watumiaji zilizimika, nyingine hadi wiki mbili. Kwa mujibu wa mashtaka, kampuni ilitumia dola milioni 1.4 hivi za muda wa wafanyakazi kurudisha hali, na ikarejeshea wateja zaidi ya dola milioni moja. Mhandisi alifungwa. Desemba 2021 ikawa zamu ya Cash App, programu ya kutuma pesa: aliyekuwa mfanyakazi alipakua ripoti ambazo alizoea kuzifungua alipokuwa kazini, na kampuni mama, Block, ikalazimika kuwapelekea taarifa wateja wapatao milioni 8.2, wa sasa na wa zamani. Hizo ni kampuni zenye vikosi vya wataalamu wa usalama, si kijana mmoja wa TEHAMA anayetengeneza pia printa.

Sasa hicho anachouziwa meneja wa fedha ni nini? Kwa kawaida ni SCIM, utaratibu uliokubaliwa kimataifa na kuchapishwa Septemba 2015, ambao kazi yake ni moja: kuipa programu amri bila kumsubiri mhusika abishe hodi. Fungua akaunti hii. Mhamishe huyu kutoka mikopo kwenda ukaguzi. Mzime yule. Orodha kuu ya wafanyakazi ikibadilika, amri inatoka. Haitoki sekunde ile ile: kwenye Entra, mfumo wa utambulisho wa Microsoft, mzunguko mmoja huchukua kama dakika 20 hadi 40. Kwa anayeaga kwa keki na soda, dakika 40 si kitu. Kwa anayefukuzwa kwa wizi ni nyingi mno, na huyo bado utamfunga kwa mkono kabla hajaitwa ofisini.

Bei ndiyo inayokera, na hapa meneja ana haki ya kununa. Wauzaji wengi wa programu wameificha SCIM kwenye daraja la juu kabisa. Huuziwi kipengele, unahamishwa daraja, wewe na watu wako wote. Fanya hesabu ya mfano: programu ya dola 8 kwa mtu kwa mwezi, daraja lenye SCIM dola 15, wafanyakazi 120. Tofauti ni dola 7 mara 120 mara 12, yaani dola 10,080 kwa mwaka, kwa programu moja. Upande wa pili, watu 40 wanaingia, wanatoka au wanahama idara kwa mwaka. Kila mmoja ana programu 12. Kila akaunti inachukua dakika 10 kwa mkono. Hizo ni saa 80, wiki mbili za kazi za mtu mmoja. Anayekuambia SCIM itajilipa kwa muda utakaookoa anakuuzia hewa. Unainunua kwa ajili ya siku ya kutoka, kwa sababu mtu aliyechoka husahau na mashine haisahau.

Ila mashine haisahau hata makosa. Kuna kampuni niliyoifungia mfumo huu, mikataba ya wafanyakazi wake wengi ikiisha Juni 30. Mikataba mipya ilikuwa mezani kwa mkurugenzi ikisubiri saini, na utumishi hawakuwa wameingiza tarehe mpya. Julai mosi, saa 2 asubuhi, watu 41 wakafungiwa nje, wakiwemo makeshia wa matawi mawili, na wateja tayari wamejipanga foleni. Mfumo ulifanya ulichoambiwa. Enzi za kufunga kwa mkono, kijana wa TEHAMA angecheka na kusema, hawa wote siwezi kuwafunga, ngoja nimpigie mtu wa utumishi. Kicheko hicho nacho kilikuwa kinga, na tulikiondoa bila kujua. Kosa lilikuwa langu pia: sikuweka kikomo cha akaunti zinazoweza kufungwa kwa mkupuo.

Halafu kuna majina yetu. Utumishi wameandika Mohamed Ally, kitambulisho kinasema Mohammed Ali, kwenye barua pepe ni Mohamedi. Mashine inaona watu watatu. Ukitumia barua pepe kuwa alama ya utambulisho, ndiyo umeharibu kabisa: a.juma aliyekuwa Abdallah anastaafu, anaajiriwa Asha, anapewa a.juma ile ile kwa kuwa iko wazi. Asha huyo niliona kwa macho yangu akifungua mfumo wa malipo siku yake ya pili kazini na kukutana na vocha zinazomsubiri aziidhinishe. Alikuwa mapokezi. Tumia namba ya mfanyakazi, isiyorudiwa hata afe mtu.

Basi ufanye nini? Haraka haraka, maana nafasi imeisha. Chini ya watu 50, usinunue: weka jedwali moja la kila mfumo na nani msimamizi wake, na kila miezi mitatu linganisha orodha ya akaunti na orodha ya mishahara, jina kwa jina. Wakubwa zaidi, nunua kwa mifumo mitatu au minne yenye pesa na taarifa za wateja, mingine iache mkononi. Sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinamtaka anayehifadhi taarifa azikinge zisifikiwe na asiyeruhusiwa, kwa hiyo anzia zilipo taarifa hizo. Zima akaunti, usifute, mpaka faili na ripoti zake zipate mwenyewe mpya. Weka kikomo: zaidi ya akaunti tano zikitaka kufungwa kwa mkupuo, mfumo usimame umwite mtu. Lazimisha SSO, funga mlango wa nywila za zamani. Kabla ya kusaini na muuzaji, muulize kwa maandishi SCIM iko daraja gani, na kama kuzima akaunti kunakata vibali vya simu na funguo za API au kunabadilisha rangi ya jina tu. Ukipata fundi wa kukuandikia programu ndogo ya kulinganisha orodha kila usiku, vizuri, ni rahisi. Mpangie mtu wa pili anayeielewa, kwa sababu siku moja fundi naye ataaga.

La mwisho halina gharama. Ile fomu anayozunguka nayo anayeondoka, kukusanya saini ili alipwe stahili zake: stoo, uhasibu, usafiri, maktaba. Nyingi nilizoziona, TEHAMA imepewa mstari mmoja, "Amerudisha laptop." Meneja wa fedha niliyeanza naye aliitoa ya kwao kwenye droo tukaisoma pamoja. Tukaufuta mstari huo, tukaandika mifumo 14 kwa majina, kila mmoja na sehemu yake ya saini na saa. Makadirio ya muuzaji aliyarudisha kwenye bahasha. Aliyachukua tena wiki iliyofuata, baada ya fomu ya kwanza kurudi ikiwa na saini tisa.