Haki za Mtoto Aliye Makaoni

Mtoto aliyekosa malezi ya wazazi wake, ama kwa mauti, ama kwa dhuluma, ama kwa ufukara, na akapokewa katika makao ya watoto, hupewa humo chakula, kitanda na sare ya skuli. Na wengi wetu, tuyaonapo hayo, huridhika kwamba haki yake imekwisha timizwa, ilhali tangu siku aliyoingia ana haki nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kutafutiwa njia ya kutoka.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara yake ya 20, unataja kwanza malezi ya kambo, kafala ya sheria ya Kiislamu na kuasili, na makao huyataja mwisho, ikiwa yamelazimu. Ibara ya 25 inaamuru hali ya mtoto aliyewekwa huko ichunguzwe kila baada ya muda. Uchunguzi huo si kuhesabu vitanda. Afisa wa ustawi wa jamii hana budi kulifungua jalada la kila mtoto, aulize mamaye yu wapi, na khalati au ami gani angeweza kumlea. Kisha akae na mtoto mwenyewe faraghani, kwani anayelishwa na mtu kila siku hathubutu kumshitaki mtu huyo mbele ya uso wake.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala ya watoto ilizidi kubainisha: ufukara peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na jamaa zake, ndugu wa tumbo moja wasitawanywe pasipo sababu ya haki, na walio chini ya miaka 3 walelewe katika familia. Na kwa watoto walio bado makaoni, naona uchungu, tena mkubwa, kwa desturi ya kuwaleta wageni wakae nao wiki chache, wawabebe, wawapige picha, kisha waondoke. Mtoto aliyekwisha achwa mara moja huachwa tena na tena.

Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwezi wa Novemba 2017, na mkakati wake wa miaka 2022 hadi 2032 wakusudia kuwarejesha watoto katika familia. Kazi hiyo haitawezekana maadamu sadaka zetu huishia kwenye lango la makao, wala hazimfikii nyanya anayekubali kumlea mjukuu lakini hana karo wala unga.