Yurea ama CAN: Tununue Ipi ya Sukuma Wiki?



Tukiwatembelea, swali linalorudi sana ni hili: pesa za kikundi zinatosha mfuko mmoja tu wa mbolea ya kukuzia sukuma wiki, tununue yurea ama CAN? Wengi huangalia bei ya mfuko, wakachukua ulio rahisi. Hapo ndipo pesa hupotea.

Sukuma wiki twaila majani, na chakula kikubwa cha majani ni nitrojeni. Ikipungua, majani ya chini hugeuka manjano mapema, na yale mapya hubaki madogo. Kwa hivyo tunanunua nitrojeni, siyo mfuko.

Someni namba iliyo kwenye mfuko. Yurea ni 46, yaani kila kilo 100 zina kilo 46 za nitrojeni. Basi mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Kwa CAN yenye namba 26, mfuko kama huo una kilo 13. Mkiwa dukani, gawanyeni bei ya yurea kwa 23 na bei ya CAN kwa 13. Mtaona bei ya kilo moja ya nitrojeni, na huenda mfuko ulio ghali ndio nafuu.

Lakini yurea ina tabia yake. Ikiachwa juu ya udongo, sehemu yake hugeuka kuwa hewa ya amonia, ikapotea. Akina mama wa kikundi kimoja waliimwaga juu juu, wakangojea mvua juma zima. Sukuma haikubadilika, wakadhani wameuziwa chumvi. Mbolea ilikuwa nzuri, ila haikufukiwa. CAN haipotei hewani upesi hivyo. Asiyeweza kufukia heri achukue hiyo.

Fanyeni hivi: wiki tatu hivi baada ya kupandikiza, udongo ukiwa na unyevu, palilieni kwanza. Kila mche upate kizibo kimoja cha soda cha CAN, ama nusu kizibo cha yurea. Zungusheni mbolea upana wa kiganja kutoka kwa shina, kisha mfukie. Isiguse jani wala shina, itaunguza.

Basi kabla mweka hazina hajatoa pesa, pigeni hesabu hii pamoja mkutanoni, kila mmoja aione. Kazi njema.