Je, Wajua? Msuli wa Kifua Humbeba Mpanda Miamba

Msuli mkubwa wa kifua huanzia kwenye mtulinga, mfupa wa kidari na mbavu, kisha hujishika kwenye mfupa wa juu wa mkono. Ndio humwezesha mpanda miamba kushusha mkono ulioinuliwa na kubana jiwe kwa viganja viwili.

Ukichanika kidogo, hupona kwa mapumziko na mazoezi mepesi yanayoongezwa hatua kwa hatua. Kano yake iking'oka mfupani, huenda ukasikia mlio wa ghafla, mkono ukavilia damu na sehemu ya mbele ya kwapa ikabonyea. Muone daktari mapema: mara nyingi hurudishwa kwa upasuaji, na kupona huchukua miezi kadhaa. Maumivu huweza kuisha kabla kano haijapona kabisa, hivyo ukirudi kupanda, anza na miamba rahisi.